Chema Kisiposemwa Hakimfikii Mnunuzi

Leo nazungumza na wenye biashara ndogo: mama mwenye duka la maziwa, kijana mwenye saluni, fundi cherehani, muuza vifaa vya ujenzi, na yeyote anayefungua mlango asubuhi akakaa kumsubiri mteja. Nataka tuzungumzie maneno ya tangazo, yale unayoandika ukutani, unayotuma kwa simu au unayoleta hapa redioni yasomwe. Na mfano wetu utakuwa Kabuga.

Kwa asiyeijua, Kabuga ni mji mdogo ulio mashariki mwa Jiji la Kigali, katika sekta ya Rusororo, wilaya ya Gasabo. Barabara kuu itokayo mjini inapita hapo ikielekea Rwamagana na Kayonza hadi mpaka wa Rusumo, na ukivuka Rusumo umeingia Tanzania. Watu wanajenga na kuhamia. Alfajiri wanapanda basi kwenda kazini Remera na katikati ya jiji, jioni wanarudi. Maduka ni mengi, na mengi yanafanana. Mteja anayeshuka kwenye basi jioni ana maduka kadhaa ya kuchagua kabla hajafika kwake. Kwa nini aingie kwako?

Waswahili tuna misemo miwili inayogombana juu ya jambo hili. Wa kwanza ni wa wazee: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wa pili umezaliwa madukani: biashara ni matangazo. Mwenye duka aliyeushika wa kwanza hukaa kimya, akiamini kwamba mkate wake mzuri utajitafutia mlaji. Aliyeushika wa pili hupaza sauti mchana kutwa, hata pale ambapo hana la kusema. Mimi naona misemo yote miwili ina ukweli, ila kila mmoja una zamu yake. Chema hujiuza kwa mtu aliyekwisha kukionja. Yule ambaye hajakionja, aliyehamia Kabuga wiki iliyopita na hamjui mtu, atakijuaje? Huyo ndiye anayehitaji tangazo. Kazi ya tangazo ni kumfikisha mlangoni mara ya kwanza. Kumrudisha mara ya pili ni kazi ya mkate wenyewe.

Tukikubaliana hapo, basi swali linakuwa jepesi kidogo: ni maneno gani yatakayomfikisha mlangoni?

Tembea kando ya barabara ile usome kuta. Utakutana na maneno yale yale: huduma bora, bei nafuu, vitu vya kisasa, karibuni wote. Yameandikwa kwa Kinyarwanda, kwa Kifaransa, kwa Kiingereza, mara nyingine kwa Kiswahili. Siyo maneno ya uongo. Udhaifu wake ni kwamba hayamwambii msomaji chochote ambacho hakukitarajia. Nani amewahi kuandika ukutani kwamba huduma yake ni mbovu? Nani amejitangaza kuwa ghali? Jicho la mpita njia limeyaona maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba sasa linayapita bila kuyasoma.

Kuna njia rahisi ya kulijaribu bango lako. Lichukue, kwa mawazo tu, ulitundike juu ya mlango wa jirani yako anayeuza kama wewe. Je, bado linafaa? Kama linamfaa yeye bila kubadilisha neno, basi bango hilo halijasema habari zako. Limesema habari za maduka yote, na umelilipia wewe peke yako, rangi, fundi wa kuandika, na ada za mabango zinazotozwa na serikali za mitaa.

Sasa nikupe kisa kimoja kutoka mbali, kwa sababu kinafundisha vizuri. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, nchini Marekani, kulikuwa na mwandishi wa matangazo aliyeitwa Claude Hopkins. Aliajiriwa kuitangazia bia ya Schlitz, iliyotengenezwa katika mji wa Milwaukee. Wakati huo kila kiwanda cha bia kilikuwa kinapiga kelele ya neno moja: safi, safi, safi. Wengine walililipia kurasa mbili za gazeti ili neno hilo liandikwe kwa herufi kubwa zaidi. Hopkins alisafiri mpaka kiwandani, akaomba kuonyeshwa kila hatua. Akaona vyumba vya vioo ambamo bia hupozwa katika hewa iliyochujwa. Akaona chupa zikioshwa mara 4 kabla ya kujazwa. Akaonyeshwa visima virefu vilivyochimbwa kufuata maji safi. Akauliza: kwa nini hamuwaambii watu haya? Wakamjibu kwamba kila kiwanda hufanya hivyo hivyo. Yeye akaenda akayaandika, hatua kwa hatua. Kwa maelezo yake mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1927, Schlitz iliyokuwa nafasi ya tano katika mauzo ilipanda ndani ya miezi michache mpaka ikawakaribia waliokuwa mbele kabisa.

Angalia alichofanya. Hakuzua jambo. Hakuongeza sifa. Aliliacha neno safi, akaeleza kazi inayofanya kitu kiwe safi. Msomaji akafikia mwenyewe uamuzi kwamba bia hiyo ni safi. Na mtu huamini zaidi jambo alilolifikia mwenyewe kuliko lile aliloambiwa aamini.

Turudi Kabuga. Mama anauza maziwa. Katika Rwanda duka la maziwa ni mahali pa heshima: watu huingia wakanywa bilauri ya maziwa moto au ya ikivuguto, yaani maziwa ya mgando, wakala na andazi, wakaendelea na safari. Ukutani pameandikwa: maziwa mazuri, karibu. Sasa tumuulize mama huyu kazi yake inakwendaje. Atasema: maziwa yananifikia saa 12 asubuhi. Nayapima kabla sijayapokea. Nayachemsha mwenyewe hapa hapa. Ya jana siyauzi kama ya leo. Mama, hilo ndilo tangazo lako! Andika: "Maziwa yamefika leo saa 12 asubuhi. Tumeyapima, tumeyachemsha." Mpita njia aliyetoka nyumbani bila kunywa chai atasimama, kwa sababu ameambiwa jambo la leo, lenye saa yake. Na kwa kuwa ni jambo la leo, liandike kwa chaki kwenye ubao mdogo mlangoni, ulifute jioni, uliandike tena kesho. Ubao unaobadilika huwafundisha watu kuutazama.

Tuje kwa muuza vifaa vya ujenzi. Kabuga inajengwa kila upande, kwa hiyo saruji, misumari na mabati vinauzwa duka hadi duka, na bei hazipishani sana. Huyu atatofautianaje? Afikirie hofu ya mteja wake. Mtu anayejenga nyumba yake ya kwanza haogopi bei peke yake. Anaogopa kununua mabati yasiyotosha, au kununua zaidi ya anayohitaji. Anaogopa kudanganywa kuhusu geji. Basi muuza duka aandike: "Leta vipimo vya paa lako. Tutakuhesabia mabati bure, na geji tutaipima mbele ya macho yako." Maneno hayo yameigusa hofu ya mteja na kuipa jibu. Hayakumwomba anunue. Yamemwomba alete vipimo, hatua ndogo isiyomgharimu. Mtu akishafika na karatasi yake mkononi, na akahesabiwa kwa haki, mahali pa kununua ameshapapata.

Na fundi cherehani? Malalamiko makubwa ya wateja dhidi ya mafundi nguo tunayajua sote: njoo kesho, njoo keshokutwa, kitambaa kimekwama. Fundi anayeshika ahadi ana mali asiyoitangaza. Shule zinapokaribia kufunguliwa, aandike: "Sare ya shule: pima Jumatatu, chukua Alhamisi. Ikichelewa, hulipi ufundi." Mzazi anayesoma hayo hahitaji kuambiwa kwamba fundi huyu ni hodari. Sharti alilojiwekea fundi ndilo linalomsemea. Lakini naomba nisisitize: usiandike sharti hilo kama huwezi kulitimiza. Nitalirudia jambo hili baadaye, kwa sababu ndilo kubwa kuliko yote.

Jambo linalofuata ni ufupi. Anayelisoma bango lako yuko njiani. Yuko dirishani mwa basi, yuko nyuma ya pikipiki, au amebeba mtoto mgongoni na mfuko mkononi. Bango la juu, linalosomwa kutoka barabarani, lisizidi maneno machache makubwa: unauza nini, na jambo lako moja. Maelezo mengine yakae mlangoni, ambapo msomaji amesimama. Wengi hukosea kwa kuvijaza vyote mahali pamoja: orodha ya bidhaa 20, namba tatu za simu, picha ya ua, na maneno ya karibu. Mwisho wake hakuna kinachosomeka.

Na kuhusu ufupi huo, sisi watu wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kwenda kujifunza mbali. Tuna kanga. Kanga zilianza kuvaliwa pwani yetu karne ya 19, na baadaye zikaanza kubeba maandishi. Kule Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lenye alama ya Mali ya Abdulla, lilianza mwaka 1887 na likawa jina kubwa katika biashara ya kanga. Jina la kanga, yaani ule mstari wa maneno ulioandikwa juu ya kitambaa, ni mfupi, na mara nyingi huwa na mtu anayelengwa: mume, jirani, mke mwenza, mama mzazi. Wanawake huchagua kanga kwa maneno yake, si kwa rangi tu. Wauzaji wamejua hivyo kwa vizazi: mstari mmoja uliomlenga mtu mmoja unaweza kuuza kitambaa. Nawe ukikaa kuandika tangazo, usiwaandikie watu wote. Mchague mmoja unayemjua, mama fulani anayepita kila jioni, umwandikie yeye. Wanaofanana naye watajiona humo.

Hata makampuni makubwa yaliyofanikiwa kwetu yalifuata njia hiyo. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa nchini Kenya, Machi 2007, haikuwasomea watu habari za mitambo. Ujumbe wake wa mwanzo ulikuwa wa kutuma pesa nyumbani. Kijana aliyekuwa Nairobi akiwafikiria wazazi wake kijijini alielewa papo hapo kwamba anazungumziwa yeye.

Sasa lugha. Hapa Kabuga ina utajiri ambao wengi hawajautumia. Wakazi wanazungumza Kinyarwanda, na tangazo la kuwalenga wakazi liwe la Kinyarwanda, tena Kinyarwanda cha kila siku. Lakini barabara hii inaleta watu wengine. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam, safari ya takriban kilomita 1,500, huingia Rwanda kupitia Rusumo, ambapo daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani vilizinduliwa na marais wa nchi mbili, Paul Kagame na John Magufuli, Aprili 2016. Jirani na Kabuga, pale Masaka, kuna bandari kavu ya kampuni ya DP World iliyozinduliwa Oktoba 2019. Madereva wa malori hayo na matingo wao huzungumza Kiswahili. Wamechoka, wana njaa, wanataka kuoga, wanataka vocha na mahali pa kufulia nguo. Mabango mangapi yanazungumza nao?

Mwenye mgahawa anayetaka wateja hao aandike kwa Kiswahili kilichonyooka: "Dereva, karibu. Chai ya maziwa na chapati kuanzia saa 11 alfajiri. Maji ya kuoga yapo." Neno lile la kwanza, dereva, ndilo linalokamata jicho, kwa sababu mtu husikia haraka anapoitwa. Kiswahili si lugha ya wageni hapa. Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha rasmi za nchi. Lugha ya sheria tunayo. Sasa iwe pia lugha ya kumwita mteja. Ila chagua lugha moja kwa bango moja. Ukichanganya lugha nne katika mstari mmoja, kila msomaji atapata robo ya habari.

Kuna maandishi mengine dukani ambayo wengi hawayahesabu kuwa tangazo, nayo ni namba ya MoMo Pay, ya kulipwa kwa simu. Mteja anapolipa anabonyeza *182*8*1 na namba yako hiyo, kisha simu inamwonyesha jina la anayelipwa. Dakika hiyo anasoma kwa makini kuliko anavyosoma jambo lolote lingine dukani kwako, maana fedha zake zinatoka. Kama bango lako linasema jina moja na simu inasema jina jingine asilolijua, anasita. Kwa hiyo hakikisha jina la biashara ulilosajili kwenye namba hiyo ndilo lililoandikwa mlangoni. Litamkaa kichwani kila anapolipa, na hutalipia tangazo hilo hata faranga moja.

Ni hivyo hivyo kwenye WhatsApp. Picha ya gauni ikiwekwa kwenye stetasi bila bei, bila kipimo, bila mahali, humfanya mteja aulize, na wengi hawaulizi. Wanapita. Weka bei. Najua wafanyabiashara wengi huificha wakiogopa mshindani ataiona. Mshindani anaijua tayari. Asiyeijua ni mteja, na asipoijua hudhani kwamba ni ghali kuliko ilivyo.

Na ukija redioni na tangazo la sekunde 30, elewa kwamba nafasi hiyo inabeba maneno 60 hivi yakisomwa kwa utulivu. Hayatoshi kwa mashairi ya kujisifu. Sema jina la duka mwanzo na mwisho, sema jambo lako moja, na ueleze mahali kwa alama ambazo watu wanazijua: ukishuka stendi, upande gani, karibu na nini. Msikilizaji hana kalamu mkononi. Namba ya simu ya tarakimu 10 haikai kichwani, mahali hukaa.

Sasa lile jambo kubwa nililoahidi kulirudia. Ukweli. Kuna matangazo yanayovuta macho kwa kudanganya: ofa ya leo tu, ambayo mwezi mzima bado ni ya leo tu, punguzo la nusu bei ambapo bei ilipandishwa kwanza, dawa moja inayotibu kila ugonjwa. Rwanda ina sheria ya mwaka 2012 ya ushindani na kumlinda mlaji, na sheria hiyo haimruhusu mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, angalia mahali ulipo. Kabuga si jiji ambamo mteja uliyemdanganya anapotea ndani ya umati. Unakutana naye kwenye umuganda, kazi ile ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Unakutana naye msikitini au kanisani. Mtoto wake anasoma na wako. Ukimdanganya leo, keshokutwa mtaa mzima umeshasikia, na hakuna bango litakalofuta habari hiyo.

Vilevile kelele si tangazo. Kuweka spika mlangoni na kufungulia muziki mchana kutwa huwasumbua majirani, na hapa kwetu kelele za kusumbua watu zina adhabu. Hata ukiacha adhabu, anayeumwa kichwa kwa sababu yako hatapenda kuingia kwako kununua mkate.

Basi ufanyeje wiki hii? Usianze kwa kalamu. Anza kwa masikio. Waulize wateja wako wa kudumu: kwa nini unakuja kwangu, na maduka yote haya yapo? Usiwasaidie kujibu. Mmoja atasema kwamba unafungua mapema kabla ya basi la kwanza. Mwingine atasema mizani yako ni ya haki. Mwingine atasema ulimkopesha alipouguliwa. Andika majibu yao kwa maneno yao wenyewe. Jibu litakalojirudia ndilo tangazo lako, na uzuri wake ni kwamba limeshathibitishwa na watu walionunua. Kisha lisome kwa sauti mbele ya mtu asiyekujua, umuulize ameelewa nini. Akishindwa kukueleza kwa sentensi moja, punguza maneno.

Na kama baada ya kuuliza huoni hata jambo moja linalowarudisha watu kwako, usinunue rangi ya bango. Rekebisha duka kwanza. Tangazo kali kwa duka bovu huharakisha tu habari za ubovu wake.

Nimalizie kwa sababu inayonifanya nilijali jambo hili. Wapo watu Kabuga, na katika kila mji mdogo wa nchi zetu, wanaofanya kazi kwa uaminifu mkubwa na kwa ukimya mkubwa. Wanapunjwa na ukimya huo. Lakini si wao peke yao wanaopunjwa. Mnunuzi naye anapunjwa, kwa sababu asipoambiwa maziwa mazuri yako wapi atanunua kwa mwenye sauti kubwa, hata kama maziwa yake yamelala. Mwenye kitu chema ana wajibu kwa jirani zake wa kukieleza, kwa maneno machache, ya kweli, yenye saa, bei na mahali. Kufanya hivyo si majivuno. Ni kumwezesha mtu mwenye fedha kidogo kuzitumia mahali zinapostahili.